Anayecheza Hatazami Nyuma

Vava'u, Tonga
4 Februari 1996

Mpwa wangu mpenzi Kalolaine,

Kwa majonzi makubwa, na kwa idhini ya mume wangu Uele na ukoo wote, natangaza kifo cha miwani yangu. Marehemu alifariki Jumapili iliyopita kanisani, kati ya wimbo wa pili na mahubiri, baada ya kukaliwa na mke wa mchungaji, mama ambaye, kama unavyokumbuka, Mungu hakumpunja upande wa kukalia. Marehemu ameacha kioo kimoja chenye ufa na mjane mmoja, ambaye ni mimi. Mazishi yalifanyika ndani ya kopo la chai. Miwani nyingine itatoka mjini Nuku'alofa, na unavyoijua meli yetu, huenda ikafika pamoja na parapanda ya mwisho.

Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kama mashelisheli. Kuandika naweza, mkono unajua njia. Kusoma ndiko kumenishinda. Barua zako atanisomea mwanangu Lisiate jioni baada ya sala, na sisi wengine tutakaa mkekani kusikiliza kama taarifa ya habari.

Sasa tusalimiane. Hujambo wewe, hajambo mumeo Samiu, na huyo mgeni wenu wa miezi mitatu anaendeleaje? Nimesikia alizaliwa na kilo nne na zaidi. Hiyo si mimba, hiyo ni shehena. Sisi hapa tuko wazima, baba yako anakohoa kwa makusudi ili apikiwe supu, mjomba wako Uele ananenepa bila kuomba msamaha.

Nikija kwenye shabaha: mwezi wa tisa shangazi yako anatimiza miaka hamsini. Sitaki zawadi. Sitaki mkeka wala nguo ya gome, ninayo mpaka panya wanachagua. Nataka uje ucheze. Mtoto wa kaka yangu, aliyepakwa mafuta, akiinamisha magoti taratibu mbele ya watu, na mimi nyuma yako nikiruka na kupiga kelele kama nilivyofanya ulipokuwa na miaka kumi na minne. Mchezaji mzuri anahitaji mtu wa ovyo nyuma yake ili uzuri wake uonekane, na kwa uovyo sina mpinzani Vava'u nzima.

Nimeshawaambia watu. Kwa hiyo huna budi.

Shangazi yako,
Akanesi


Robinvale, Australia
1 Machi 1996

Shangazi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mjomba Uele na baba na wote waliokaa mkekani wakisikiliza. Nawe kaka Lisiate, ahsante kwa kusoma. Poleni kwa msiba wa miwani. Tumeomboleza kwa kula.

Sisi tu wazima. Mtoto amepewa jina la Pauliasi na dada yake Samiu. Analala mchana na usiku anafanya mikutano. Kazi ya zabibu inakaribia kwisha, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu.

Shangazi, kuhusu kucheza. Mguu wangu wa kushoto unanisumbua tangu nijifungue. Kuinama magoti siwezi vizuri. Labda binti wa mchungaji acheze badala yangu, ana umbo zuri na bado mdogo. Mimi nitaleta zawadi yoyote utakayotaja.

Nisamehe sana.

Mpwa wako,
Kalolaine


Vava'u
24 Machi 1996

Kalolaine,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila nina donge.

Barua yako imesomwa. Lisiate alipofika kwenye mguu, watu wote mkekani walisema pole. Mimi peke yangu nilinyamaza, na unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Maana wiki iliyofuata akaja kwa ndege binamu yake Samiu, yule mwenye meno ya dhahabu, tukampa magimbi, akala, akaanza kusifu: "Kalolaine? Ah, yule mwanamke chuma. Anabeba kreti za zabibu mbili mbili." Nikamuuliza, na mguu? Akasema, "Mguu gani?"

Mguu gani, mpwa wangu? Hilo ndilo swali langu pia.

Akaongeza kwamba umeacha kwaya. Kanisani unakaa kiti cha nyuma karibu na mlango kama mtu anayedaiwa. Wewe, ambaye ukiimba sauti ya kwanza mbwa wa majirani walikuwa wanasimama.

Mimi ni dada mkubwa wa baba yako. Kwa mila zetu ningeweza kuchukua nguruwe wenu bora nikaondoka naye na hakuna ambaye angefungua kinywa. Sijawahi. Nimeomba ngoma moja. Kama nimekukosea, niambie. Kama umekuwa mtu wa huko na sisi tunakutia aibu, niambie pia, nitalia siku mbili nitapona. Ila usinipe mguu.

Binti wa mchungaji simtaki. Anacheza kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Usipocheza wewe, hakuna sherehe, tutakula nyama ya kopo tulale.

Shangazi yako,
Akanesi


Robinvale
16 Aprili 1996

Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima na kwa machozi. Kabla hatujaendelea nina swali moja. Anayekusomea barua hii ni nani?

Kama ni kaka Lisiate, naomba aishie hapa. Ndani kuna bahasha ya pili, nimeifunga kwa gundi. Ni ya macho ya mwanamke tu.

Mpwa wako,
Kalolaine


(Ndani ya bahasha ya pili)

Shangazi yangu,

Sasa umeelewa kwa nini ulikuwa mguu. Ningemwandikiaje kaka yangu akusomee kwa sauti, mbele ya baba na mjomba, kwamba najikojolea?

Nimeliandika. Nimeinuka nimezunguka meza, nimerudi, bado limeandikwa.

Nilikuwa na uchungu tangu Jumatatu mpaka Jumatano asubuhi. Daktari aliniuliza kama nataka kupasuliwa. Nikasema hapana. Nilikumbuka wanawake walivyokuwa wanakutania kwenye nyumba ya kusukia mikeka, kwamba wanao wawili, kwa vile ulipasuliwa, uliwanunua wakiwa wameshapikwa, na wewe ulivyokuwa unacheka kuliko wote. Nikasema mimi nitazaa kwa nguvu zangu, wasinitanie. Mwisho mtoto alikwama, wakamtoa kwa koleo. Alitoka na alama mbili mashavuni kama mtu aliyebusiwa na mlango. Yeye amepona. Mimi ndiye niliyebaki wazi.

Nikicheka, mkojo unanitoka. Nikikohoa, nikinyanyua kreti, nikimkimbilia mtoto. Sikukuu ya Krismasi nilikuwa kwenye kwaya, tukafika kwenye ile noti ya juu, nikaipanda, na yenyewe ikanishuka. Nilitoka kabla ya amina. Tangu hapo nakaa karibu na mlango. Samiu najua amegundua ila hasemi, anafua tu. Siku hizi akianza kusimulia jambo la kuchekesha namwambia nyamaza. Tumekuwa nyumba isiyocheka, shangazi, na mtoto anajifunza kucheka sasa hivi, anatutazama usoni kuona inafanywaje.

Na wewe unaniomba niiname magoti mbele ya kijiji kizima, nimefungwa mkeka kiunoni, watu wananikaribia kunibandika noti za pesa kwenye mafuta.

Mama yake Samiu anasema nilikataa kisu kwa kiburi. "Mtazame shangazi yako," anasema, "alikatwa mara mbili na anaruka kama mbuzi." Hilo ndilo linaniuma. Samiu anataka mtoto wa pili, na mimi sitaki hata kusikia. Kwa hiyo niambie ukweli, na usinifurahishe. Wewe uliyekatwa, ulibaki mkavu? Kama ni hivyo nitajua nilijiharibu kwa ujinga wangu, na nitajua la kufanya safari nyingine.

Kalolaine


Robinvale
20 Juni 1996

Shangazi mpendwa,

Natumaini salamu hizi zinakukuta mzima. Huku baridi imeingia, mashamba yamebaki vijiti vitupu, tunakatia mizabibu.

Miezi miwili hujajibu. Nimehesabu ndege zote zilizotoka Tonga na kila mtu aliyeshuka nimemuuliza. Mmoja kanipa pakiti ya viazi vikuu, mwingine salamu za baba. Kutoka kwako, kimya. Najua nimevuka mpaka. Mambo ya namna ile mtu hamwandikii mkubwa wake. Kama umekasirika, nikasirikie kwa maandishi basi, nione mwandiko wako.

Nina habari. Samiu alinipeleka mjini Mildura bila kuniambia tunaenda wapi. Nilidhani tunaenda kununua tairi. Tukafika kliniki. Kumbe alikuwa amemuuliza muuguzi anayempima Pauliasi, yeye mwanamume mzima, na kofia yake mkononi. Huyo muuguzi akamwandikia mwanamke anaitwa Glenys, kazi yake ni misuli ya wanawake ya huku chini. Anasema neno mkojo kama sisi tunavyosema chai.

Nilimuuliza lile swali nililokuuliza wewe. Alichukua kitambaa cha meza, akakishika pembe mbili na mimi nikashika mbili, akaweka chungwa katikati. Akasema ndani ya nyonga kuna misuli imetandwa hivi, imebeba kibofu na vyote. Mimba yenyewe, miezi tisa ya uzito, inaibonyeza. Mtoto akipita njia ya kawaida inavutika zaidi, na koleo linaivuta zaidi ya hapo. Nikasema, basi kisu kingeniokoa. Akasema, "Kingekupunguzia uwezekano. Kisingekuahidi. Hata wanaopasuliwa wapo wanaokaa kwenye kiti hicho ulichokalia, na kisu nacho kina matatizo yake."

Amenifundisha kuikaza misuli hiyo, kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja mbele ya mfalme. Nakaza, nashikilia, naachia. Naambiwa nivumilie miezi. Nafanya nikiosha vyombo.

Tafadhali niandikie.

Mpwa wako,
Kalolaine


Vava'u
8 Julai 1996

Mpwa wangu, mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo na sijakasirika. Nilikuwa nimejificha.

Nikueleze tangu mwanzo. Lisiate alianza kusoma ile barua yako fupi, akafika "naomba aishie hapa", akaishia hapo hapo. Akaikunja, akaiweka mkekani mbele yangu kwa mikono miwili kama anayeweka yai, akatoka nje kwenda kumchunguza nguruwe ambaye hakuwa na tatizo lolote. Baba yako akakumbuka kukohoa, naye akaondoka. Nikabaki na Uele, naye akasema, "Nadhani mimi pia nina nguruwe." Mimi bibi mzima nilisahau kwamba kwetu mambo ya dada hayasomwi na kaka yake, nikamweka Lisiate katikati yako na mimi. Kosa ni langu na la mke wa mchungaji.

Bahasha ilikaa kwenye Biblia siku tisa. Nani anisomee? Mwishowe nilimwazima miwani bibi Toakase, yule mkuu wetu wa kusuka. Miwani yake inakuza mpaka nzi anakuwa kuku. Nikajifungia jikoni nikasoma, kila neno likinijia kubwa kama nguruwe. Nililia kwanza. Halafu nikacheka kwa sababu ya mtoto aliyebusiwa na mlango. Halafu, mwanangu, nikalazimika kubadilisha sketi.

Hilo ndilo jibu lako.

Mkavu? Sijawahi kuwa mkavu tangu Lisiate awe tumboni, na Lisiate ana miaka ishirini na minne. Nilianza kuvuja kabla hawajanigusa kwa kisu. Wakanikata, nikasubiri kupona, kovu likapona, na kuvuja kukaendelea kama mvua ya Machi. Wa pili nikakatwa tena. Watu wakasema Akanesi hakupitiwa na kitu, Akanesi amefungwa kama kopo jipya, nami sikuwakanusha, ilinipendeza kusifiwa kwa kitu. Kwa nini unadhani kwenye ngoma navaa sketi nyeusi siku zote, hata harusini? Kwa nini nimejifanya mtu wa kujimwagia maji ya nazi na kugaagaa? Mtu akigaagaa nani atauliza unyevu umetoka wapi?

Nilianza kukujibu mara nne. Mara zote nne nikachana. Si jambo dogo kushuka kwenye sifa uliyokaa juu yake miaka yote hiyo, hata kama ni sifa ya ukavu. Ila barua yako ya pili imefika jana, nikaisoma kwa miwani ile ile, na nikafikiria nyumba isiyocheka. Hapo nikachukua kalamu.

Kwa hiyo sikiliza. Hujajiharibu. Ulimzaa mtoto mkubwa kwa njia iliyokuwepo siku hiyo. Mama yake Samiu mwambie shangazi yako anamsalimia, na kwamba hata mbuzi akiruka huacha alama.

Ngoma nimeifuta. Njoo tu, ukae pembeni yangu tule. Hayo mazoezi ya mfalme nimeyaanza leo asubuhi. Mara tatu kwa siku, naapa. Tuone nani atamshinda mwenzake.

Shangazi yako mwenye sketi nyeusi,
Akanesi


Robinvale
11 Agosti 1996

Shangazi yangu wa dhahabu,

Salamu nyingi kutoka kwa watu watatu wanaocheka.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye trekta. Nilipofika kwenye nzi anakuwa kuku nilicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimeumia. Na nilivuja, ndiyo. Ila kidogo, shangazi, kama mtu aliyejuta katikati akarudi. Mwezi wa nne ingekuwa gharika.

Nilimsomea Samiu baadhi. Nilimwambia sasa anaweza kusimulia habari zake za kuchekesha. Akasema amezihifadhi kuanzia Januari, amezipanga kwa tarehe. Juzi alimwiga mama yake akipanda ngazi. Pauliasi akacheka naye, kile kicheko cha mtoto kama kuku anayelalamika, nikamtazama mwanangu usoni bila kukimbilia mlangoni.

Glenys anasema naendelea vizuri na nisiache. Anasema pia kwa mtoto wa pili, siku ikifika, tukae chini na daktari tuangalie mambo yangu mimi, yalivyo, siyo ya mama mkwe wala ya shangazi. Nimesema sawa. Sijasema lini.

Tumeshapata nafasi kwenye ndege. Na ngoma usiifute. Nitacheza. Nimeijaribu jikoni, magoti chini, magoti juu, mikono polepole, beti sita, mtoto akiwa ndiye mgeni rasmi. Nimekauka beti tano. Wa sita tutauona mbele ya safari.

Sharti ni moja, uwe nyuma yangu. Nikijua upo nyuma unaharibu mambo, mimi huku mbele sitaogopa.

Mpwa wako,
Kalolaine


Robinvale
13 Oktoba 1996

Shangazi mpendwa,

Tulifika salama. Pauliasi ameongezeka uzito, Samiu pia, na kule kwenye uwanja wa ndege walitunyang'anya magimbi. Ahsante kwa wiki zile mbili. Nikifumba macho bado nanusa mafuta ya nazi mabegani.

Nilicheza, shangazi. Beti zote sita. Kwenye wa nne nilihisi tone, nikakaza kama mbele ya mfalme, likaishia hapo. Sikutoka mbio. Nikaendelea kutabasamu, nikaona baba anatazama chini kwa heshima huku anajifuta macho.

Lakini kuna jambo. Unajua anayecheza hatazami nyuma. Kwenye ubeti wa tano nilisikia nyuma yangu kelele ambazo sijawahi kuzisikia, kisha maji, kisha kijiji kizima kimesimama. Ngoma ilipokwisha nikageuka, nikakuta wewe na mjomba mmelowa chapachapa kama waliookolewa baharini. Nikakuuliza, ukasema, "Furaha." Siku zote zilizobaki, furaha.

Huku nimesikia habari tatu. Yule mwenye meno ya dhahabu anasema ulipandwa na roho ya marehemu bibi. Mama yake Samiu kaambiwa ulianguka kwenye pipa. Na Lisiate ameandika kwamba mambo yalikuwa mazuri na nguruwe hawajambo, nikajua hapo kuna la wanawake.

Nini kilitokea nyuma yangu?

Mpwa wako,
Kalolaine


Vava'u
2 Novemba 1996

Kalolaine mwanangu,

Hujambo, na wako hawajambo? Sisi tuko salama. Nimepata miwani mpya, kwa hiyo barua yako nimeisoma mwenyewe, na hii naandika kwa herufi za binadamu.

Sasa ukweli, wote, bila nazi juu.

Unakumbuka nguo ya njano. Mama yako aliishona kwa siri, akanivalisha asubuhi ile mbele ya watu, ningesema nini? Wifi kakesha kwenye cherehani. Nikaivaa, nikajiambia, Akanesi, leo utaruka kidogo tu, kama mke wa mbunge.

Ukatoka. Sitakuambia ulivyokuwa, utavimba kichwa. Ubeti wa kwanza nikaruka kidogo. Wa pili nikaona watu wanakutazama wewe tu, hawapumui, nikasahau mbunge. Ubeti wa tatu nilikuwa hewani zaidi ya nilivyokuwa chini. Watu wanakuja kukubandika noti, wewe unaenda chini, unaenda juu, kama maji ya ghuba. Wa nne nilikuona mabega yakisimama, kidogo tu, hakuna mwingine aliyeona. Nikajua. Nikasema moyoni, atakimbia sasa. Hukukimbia. Mabega yakashuka, mkono ukafunguka taratibu, ukaendelea.

Hapo ndipo mjomba wako, kwa furaha, akaamua kuwa kuku anayetaga. Uele, na tumbo lile, akachuchumaa nyuma yako akataga yai, akaligeukia, akashangaa limekuwa kubwa.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kwa ajili yako na kwa ajili ya yai. Na yote yakatoka. Si tone. Niseme tu kwamba njano ni rangi isiyo na huruma, na mimi nilikuwa katikati ya uwanja mbele ya machifu wawili na kwaya ya jimbo.

Nikaona beseni la kunawia mikono, lile kubwa, liko karibu na mkeka wa wazee. Nikalibeba nikajimwagia kichwani, na miiba ya samaki iliyokuwemo. Uwanja ukalipuka. Wakadhani ni mchezo. Nikabaki nimesimama natiririka, na najua uso wangu haukuwa unacheka. Uele akanitazama. Akaacha kuku wake, akaenda kuchukua ndoo ya maji ya kuzimia tanuri, akajimwagia yeye, akapiga kelele, akanishika mkono tukaanza kuruka wote wawili. Vijana wakaja na maji yao. Ndicho ulichosikia.

Jioni nilimwambia, "Ahsante kwa mchezo ule." Akasema, "Mchezo gani? Akanesi, tunalala kitanda kimoja tangu kabla ya Lisiate. Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Na wewe ulivyojitahidi kunificha? Nilikuonea huruma."

Jumanne baada ya nyinyi kuondoka, kwenye nyumba ya kusukia mikeka, nimekaa na ukili wangu, najifanya nina mafua ili nisiongee. Bibi Toakase hakuinua hata macho. "Akanesi," akasema, "pua yangu ina miaka sabini na minane na inajua maji ya samaki." Nikasikia mikono yote imeacha kusuka. Nikasema, haya, ndiyo. Nikaeleza. Kisu mara mbili na bado navuja, msinitanie tena kuhusu watoto waliopikwa.

Hakuna aliyenitania. Mmoja akasema yeye ni tangu wa tatu. Mwingine tangu wa kwanza, na alikuwa na mmoja tu. Toakase akasema yeye hakumbuki tena ilianza lini, anadhani alizaliwa hivyo. Kati yetu kumi na moja, saba. Wengine kwa njia ya kawaida, mmoja kwa koleo kama wewe, mimi na mke wa mwalimu kwa kisu. Halafu kuna Vaimoana, watoto wanane, wote njia ya kawaida, wote wakubwa kama ndama, hajawahi kupoteza tone. Alituambia mara mbili. Tunampenda, lakini tumemwomba akasukie karibu na dirisha.

Wakasema basi tufundishe hayo ya mfalme. Na hapa ndipo pagumu kuliko beseni, Kalolaine. Maana niliinua kidole kama mwalimu nikagundua siyajui vizuri. Nilikuandikia mara tatu kwa siku, naapa. Nilifanya siku mbili. Siku ya tatu palikuwa na mazishi, ya nne nilisahau, kisha nikawa nakuandikia tu. Wewe ulikuwa unakaza Robinvale kwenye baridi, mimi huku nilikuwa nakaza kalamu. Ilibidi nitume mtu kwa muuguzi wa zahanati aje atuelekeze sote, akakaa nasi mkekani, akatuambia pia ambao haitawatosha waende hospitali wasione haya.

Sasa tunafanya tukisuka. Toakase ndiye anayeongoza. Ukili unapita chini, tunakaza. Unapita juu, tunaachia. Ukiingia utaona wanawake kumi wamekaza nyuso kama wanaomba mvua, na Vaimoana dirishani anauliza kuna nini.

Nimeanza kweli safari hii, wiki ya tatu. Jana jikoni nilipiga chafya mbili. Ya kwanza nilikauka kabisa, nikaita Uele aje ashuhudie.

Ya pili alishuhudia.

Shangazi yako,
Akanesi